Waraka na Jukwaa

Oktoba 1968, wasomi watatu pale chuoni Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Kwa nini Uingereza iwe katikati na fasihi ya Afrika ikae pembeni? Watu wakabishana, mtaala ukabadilika. Waraka huo haukumpeleka mtu jela.

Mwaka wa 1977, Ngũgĩ akiwa na Ngũgĩ wa Mirii aliipeleka hoja hiyo kijijini Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Safari hii lugha ilikuwa Kikuyu, na waigizaji wakulima na vibarua. *Ngaahika Ndeenda*, mchezo kuhusu maskini anayepokonywa shamba na matajiri, ulichezwa wiki chache tu, kibali kikafutwa. Desemba 31 Ngũgĩ akakamatwa, akazuiliwa Kamiti karibu mwaka mzima bila kufunguliwa mashtaka. Mwaka wa 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa.

Waraka ulikuwa wa Kiingereza, wa kusomwa na wenye digrii. Mchezo ulielewwa na mwenye shamba.

Sasa sisi tunaobishana kuhusu ukoloni kwenye makongamano, hebu tujiulize: yule anayeuza mboga nje ya geti ametusikia? Kama bado, serikali haina haja ya kutufunga. Inaweza hata kuja kutupigia makofi.