Bluzi Lodwar? Iko, ila inangoja kibali

Rafiki yangu alitua Lodwar kutoka Nairobi, akaweka begi chini, na kitu cha kwanza kuniuliza kikawa: "Leo usiku tunaenda kuskia bluzi wapi? Laivu, sio ya spika." Nilicheka mpaka mtu wa boda aliyekuwa anatungoja akageuka kutuangalia.

Wasee, mnajua Lodwar. Jumamosi utapata DJ. Jumapili utapata kinanda cha kanisa. Tobong'u Lore ikifika utapata vikundi vya ngoma na hoteli zote zimejaa. Klabu ya bluzi? Hakuna hata moja.

Lakini swali lake lilikataa kunitoka. Kwa nini hakuna? Manake vitu vinavyozaa bluzi tunavyo: jua, deni, msiba, na kutembea mbali ukitafuta maisha. Nikaanza kusoma, na kilichonishtua ni treni.

Watu hudhani bluzi ni ya Chicago. Zii. Ilikuja Chicago na mizigo. Muddy Waters alikuwa mfanyakazi kwenye shamba la pamba la Stovall, Mississippi, na huko ndiko Alan Lomax alimrekodi mwaka 1941. Mwaka 1943 akapanda treni kwenda Chicago, kama maelfu ya watu weusi waliokuwa wanakimbia mashamba ya kina fulani, madeni yasiyoisha na sheria za ubaguzi. Huko kulikuwa na mishahara ya viwandani, baa zilizojaa watu wa kwao, na kelele nyingi sana kiasi kwamba gitaa ilibidi liwekwe umeme. Kwa hivyo ukiona ramani ya klabu za bluzi za Chicago, unaona pia ramani ya watu waliofaulu kuondoka kwao.

Hata huku Kenya kipande kidogo cha huo muziki kilifika. Jimmie Rodgers, mzungu wa Mississippi aliyewahi kufanya kazi ya reli na aliyejifunza mengi kutoka kwa bluzi ya watu weusi, alikufa 1933, lakini sahani zake za santuri zilifika kwa Wakipsigis. Wakamgeuza jina akawa Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala, wakamtungia nyimbo zao wenyewe. Hugh Tracey alizirekodi mwaka 1950. Hiyo stori huwa inanifurahisha kupita kiasi.

Sasa rudi Turkana. Sisi reli hatujawahi kuwa nayo. Tena wakoloni waliifanya hii wilaya iliyofungwa: huingii bila kibali. Ndiyo maana waliona ni mahali pazuri pa kumficha Kenyatta, Lokitaung kuanzia 1953, halafu hapa Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Wakati miji mingine ilikuwa inapata bendi za gitaa, dansi na kampuni za santuri, sisi tulikuwa tunatumika kama kufuli.

Nyimbo lakini zilikuwepo. Kwetu mwanamume anakuwa na maksai wake, emong. Pembe zinaelekezwa zikue kwa umbo analotaka, anachukua jina kutokana na huyo maksai, na anamtungia wimbo. Ukienda edonga ukaona wanaume wameinua mikono juu wakiruka, hizo ni pembe. Babu yangu yuko upande wa Kerio. Maksai wake alikufa 2022, ule wakati misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Wimbo hajauacha. Ila siku hizi anauimba usiku, ameketi kwa ekicholong yake, peke yake, bila mtu wa kumpigia makofi. Na sio kilio tu, nusu yake ni kujisifu: vile pembe zilikuwa pana, vile majirani walinuna. Bluzi nayo imejaa majisifu hivyo hivyo. Ukiniambia hiyo ya babu sio bluzi tutakosana.

Nikamwambia rafiki yangu, twende Kakuma. Ni kama kilomita 120. Kambi ilianza 1992, vijana wa Sudan walipofika baada ya vita kuwatoa Ethiopia pia, na leo ukijumlisha na Kalobeyei kuna zaidi ya watu 200,000. Jumapili hiyo tulisimama nje ya kanisa, ndani palikuwa pamejaa. Akina mama wa Kidinka walikuwa wanaimba nyimbo zao za wakati wa vita: mmoja anaita, wengine wanaitikia, ngoma iko chini. Kuita na kuitikia, ule ule mtindo wa mashamba na makanisa ya Mississippi.

Mchana tukapelekwa kwa jamaa mmoja wa Kongo. Gitaa lake lina nyuzi tano, ya sita ilikatika na hajapata nyingine. Vidole ni vya rumba, lakini anapiga polepole, anaimba Kiswahili cha kwao kuhusu mlango ambao mama yake aliuacha wazi. Rafiki yangu alinyamaza dakika ishirini, na huyo si mtu wa kunyamaza.

Nikaamua: huyu lazima acheze Lodwar. Nikapanga usiku mmoja kwenye uwanja wa hoteli, viti 40, hakuna kiingilio. Lakini mkimbizi hatoki kambini hivi hivi, anahitaji kibali cha kusafiri. Aliomba wiki tatu kabla. Shoo ilikuwa Jumamosi. Kibali kilitoka Jumatatu.

Sisemi Kakuma ni shamba la pamba. Watu wengine wako hai kwa sababu hiyo kambi ipo. Lakini Muddy Waters alihitaji nauli tu.

Tuliacha kiti chake mbele. Alinitumia sauti kwa simu, nikaiunganisha na spika, mtandao ukakata katikati ya wimbo wa pili. Kimya. Watu wakaanza kuangalia simu zao. Ndipo babu, aliyekuwa amekuja kuniangalia tu na ekicholong yake chini ya kwapa, akasimama akainua mikono. Alianza na rangi ya yule maksai. Kufika pembe, wazee wawili wa jikoni walikuwa wametoka wakimwitikia. Waliokuja kwa ajili ya gitaa walikaa mpaka saa sita.

Jamaa ameomba kibali tena. Babu naye ananisumbua kila wiki kama yule kijana atakuja safari hii, manake anataka kumwonyesha kwanza pembe zilikuwa zinaangalia wapi ndio ajue pa kuingiza gitaa. Tarehe ikipatikana nitasema. Kuja na kiti chako, vile 40 havikutosha.