Safu ya Lugha: Kunoki

Fundi akishatamka "injini imenoki", mwenye bodaboda anajua ameingia gharama. Neno hili limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kugonga: beringi iliyolika huacha nafasi, vyuma vikagongana. Gereji zetu zimelipanua, na naona zimefanya vyema. Siku hizi kunoki ni injini kufa, chanzo kiwe chochote.

Chanzo kimoja tukitazame kwa karibu: nati ya katikati ya klachi. Kwenye pikipiki nyingi, chini yake hukaa washa ambayo ukingo wake hukunjwa uikabe nati isijifungue. Fundi mwenye haraka huirudisha ileile ya zamani, ukingo umeshachoka. Nati inalegea, klachi inacheza, meno yanasagana. Na kwa kuwa bodaboda nyingi hutumia oili moja kwa injini, klachi na giaboksi, chembe za chuma husambaa kote; zikiziba njia ya oili, beringi hukauka.

Dereva atasema gia zinagoma, fundi atasema imenoki. Yote sahihi, lakini hakuna aliyeitaja nati. Mafundi, itajeni, na mteja muonyesheni washa yenyewe kabla hamjafunga.