Machweo Yaliyogeuka Kitenzi

Filamu ya Megane, yaani Miwani, iliyotungwa na kuongozwa na Bi. Naoko Ogigami mwaka 2007, ilipigwa katika Yoron, kisiwa kidogo cha kusini mwa Japani. Baada ya Vita Kuu ya Pili kisiwa hicho kilitawaliwa na Wamarekani, kikarudishwa mwaka 1953. Kwa kuwa Okinawa ilibaki mikononi mwao hadi 1972, Yoron ndiyo iliyokuwa ncha ya nchi upande wa kusini, na vijana wakamiminika huko kutembea. Katika filamu umati huo hatuuoni: mwenye nyumba ya wageni amekifanya kibao chake kidogo makusudi, asije akapata wageni wengi!

Taeko, mgeni wa mjini, auliza watu hufanya nini hapo. Ajibiwa kwa neno tasogare. Asili yake ni swali, “Nani yule?”, lililotajia saa za magharibi, nyuso zisipotambulikana, hapa limekuwa kitenzi, kukaa tu na kuitazama bahari. Tulifasirije? “Kupumzika” hakufai, maana apumzikaye amechoka. Mimi ningechagua “kupunga upepo”. Taeko hukasirika kwanza, na barafu tamu ya Bi. Sakura huikataa. Siku anayoionja ndipo ajuapo kwamba hailipiwi fedha: mtoto mmoja hulipa kwa karatasi aliyoikunja.