Ken Walibora na Ndoto ya Ng'ambo

Msomaji, ukiondoka mjini Kakamega na kuishika barabara iendayo kaskazini, utapita Webuye, kisha utafika Kitale. Huko ndiko anakoelekea Kongowea, kijana wa Tanga amtafutaye baba yake katika Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 1996. Mtungaji huyo alizaliwa mwaka 1965 katika magharibi ya Kenya. Hakuwa mtu wa mwambao, lakini Kiswahili alikifanya chake.

Mwaka 2001 alitoa Ndoto ya Amerika, hadithi ya wavulana waitamanio nchi ya mbali. Baadaye yeye mwenyewe alivuka bahari. Alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Ohio State, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison. Katika uchunguzi wake wa fasihi alishughulikia maandishi ya Waafrika waliofungwa kwa ajili ya siasa.

Je, maisha ya ng'ambo yana sura gani? Jibu moja limo katika hadithi yake fupi "Damu Nyeusi". Imo katika mkusanyiko wa mwaka 2007, alioutayarisha pamoja na Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari aliyefundisha Osaka na Bayreuth. Fikirini, mwanafunzi Mwafrika aliyeko Marekani, anadharauliwa kwa sababu ya rangi yake. Anapokutana na mwanamke Mwamerika mweusi, moyo wake watulia, kwani anadhani amepata ndugu. Kumbe ametegwa, na mali yake yaporwa.

Tazama, msomaji, uadilifu wa mtungaji. Ubaguzi wa weupe ameueleza waziwazi, wala hakuificha hila ya mweusi. Atuonyesha kwamba rangi moja haitoshi kuwa udugu. Yatakiwa na matendo.

Hadithi hiyo ingaliweza kuandikwa kwa Kiingereza, isomwe na Wamarekani. Iliandikwa kwa Kiswahili, ikawa miongoni mwa vitabu vya mtihani wa shule za sekondari za Kenya. Hivyo habari za ng'ambo zilimfikia kijana wa Kakamega kabla hajafunga sanduku lake la safari.

Walibora alirudi Kenya, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Riara, akafariki Nairobi mwezi wa Aprili 2020. Nawe ukijaliwa kwenda mbali, waandikie wenzako wa nyumbani, na uwaeleze yote, matamu na machungu, kwa lugha waielewayo.