Majaribio ya Hawthorne

Majaribio ya Hawthorne ni mfululizo wa tafiti kuhusu tabia za wafanyakazi, zilizofanyika kati ya 1924 na 1932 katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric huko Cicero, karibu na Chicago, Marekani. Awali watafiti walichunguza kama mwanga huongeza uzalishaji, wasipate uhusiano ulio wazi. Baadaye, katika chumba kimojawapo cha utafiti, wanaume 14 waliofunga nyaya za mitambo ya simu walijiwekea kiwango chao cha kazi; aliyekipita aliweza kupigwa ngumi karibu na bega na wenzake. Akifasiri matokeo ya tafiti hizo, Elton Mayo wa Chuo Kikuu cha Harvard alisisitiza umuhimu wa mahusiano kazini na wa msimamizi anayesikiliza. Wanazuoni waliofuata walikosoa mbinu za tafiti hizo, ila mchango wa majaribio hayo katika elimu ya uongozi ni mkubwa.