Kutoka Muhogo hadi Mwas: Historia ya Ujenzi wa Mhusika katika Filamu na Tamthiliya za Televisheni za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya ujenzi wa mhusika katika filamu na tamthiliya za televisheni za Kiswahili, kuanzia sinema za mafunzo zilizotengenezwa Vugiri mwaka 1935 hadi filamu ya Vuta N'kuvute ya mwaka 2021. Uhakiki wetu umezoea kuuhesabu ubapa wa mhusika kuwa ni uhaba wa kipaji. Makala yanadai kwamba ubapa huo ni zao la taasisi zilizogharimia filamu, masharti ya utayarishaji na njia za usambazaji. Kwa kufuatilia zaidi motifu moja, yaani mtu wa shamba aingiaye mjini, tunaonesha kwamba kisa kilekile kiliweza kuzaa mhusika wa kuonywa kwake wengine na, miaka sitini baadaye, mhusika mwenye nafsi. Makala yanapendekeza kwamba badiliko katika lugha ya mhusika liwe miongoni mwa vigezo vikuu vya kupimia ukuaji wake.

Istilahi za msingi: mhusika bapa, mhusika duara, usawiri, lafudhi, filamu za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Jozi ya istilahi "mhusika bapa" na "mhusika duara" ilitokana na mihadhara ya E. M. Forster iliyochapishwa mwaka 1927, na imekaa katika vitabu vyetu vya nadharia ya fasihi kwa muda mrefu kiasi kwamba tumesahau mambo mawili kuihusu. La kwanza, iliundwa kwa ajili ya riwaya, utanzu wenye msimulizi anayeweza kuingia moyoni mwa mtu na kutueleza alichokikuta humo. La pili, Forster mwenyewe hakuutumia ubapa kama tusi. Alikiri kwamba wahusika wa Dickens karibu wote ni bapa, na bado wanaishi.

Katika madarasa yetu istilahi hii imegeuka hukumu. Miaka michache iliyopita nilisoma rasimu ya tasnifu ya uzamili kuhusu filamu za Tanzania ambamo kila mhusika aliyechambuliwa aliishia katika sentensi ileile: ni bapa, kwa hiyo filamu ni dhaifu. Nilipomuuliza mwanafunzi ni kwa nini wahusika hao wamekuwa bapa, alinijibu kwa adabu kwamba swali hilo halikuwamo katika mhadhara. Alikuwa mkweli, kwa kuwa mhadhara huo niliutoa mimi. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali ambalo sikulifundisha.

2.0 Mjinga na mwerevu: mhusika kama funzo

Kati ya mwaka 1935 na 1937, Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, maarufu kwa kifupisho cha Kiingereza BEKE, liliendesha shughuli zake Vugiri, katika milima ya Usambara. Lilisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari, likafadhiliwa na Shirika la Carnegie, na waliolitekeleza walikuwa L. A. Notcutt na Geoffrey Latham. Filamu zipatazo 35 zilitengenezwa na kuoneshwa kwa gari lililozunguka Afrika ya Mashariki na ya Kati, sauti zikitoka katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo.

Filamu kuhusu benki ya akiba ya posta inatosha kuwa mfano. Mfanyakazi mmoja anaficha fedha zake, zinaibwa. Mwingine anaziweka benki, zinasalimika. Watu hawa wawili hawana wasifu mwingine. Wameumbwa na uamuzi mmoja, na uamuzi huo ukishatoa tunda lake kazi yao imekwisha. Jozi hii ya mjinga na mwerevu ilidumu muda mrefu katika sinema ya kikoloni. Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichoundwa na Uingereza mwaka 1939, chini ya William Sellers, kiliigeuza kuwa kanuni: mtazamaji Mwafrika, ilidaiwa, hawezi kufuata mikato ya haraka wala ujanja wa kamera, hivyo apewe picha za polepole na kisa chepesi. Kwa maneno mengine, mhusika alifanywa bapa kwa sababu mtazamaji alidhaniwa kuwa bapa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya filamu ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili, miongoni mwake Muhogo Mchungu. Mmoja wa waigizaji wake alikuwa Rashidi Kawawa, wakati huo mtumishi wa serikali katika ustawi wa jamii, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Hapa mtu wa shamba anakuja mjini na kukutana na mashaka yake. Jina lake ni la majazi: kabla hajatenda lolote, mtazamaji amekwisha kuonjeshwa uchungu. Hata hivyo, kuna jambo ambalo watayarishaji hawakulipanga. Mwigizaji anayezungumza lugha yake mbele ya watu wanaoijua huleta mizaha, mikazo na vituo ambavyo haviwezi kuandikwa na mtu asiyeijua. Mhusika alibaki bapa katika mpango wa kisa, lakini mdomoni mwake palikuwa na uhai.

Isidhaniwe kwamba uhusika wa aina moja uliletwa na wakoloni pekee. Abunuwasi na Sungura hawabadiliki katika ngano zetu, na hakuna aliyewahi kulalamika. Tofauti ni kwamba kutobadilika kwa Abunuwasi kunawapa wanyonge silaha dhidi ya wenye nguvu, ilhali kutobadilika kwa mjinga wa Vugiri kuliwapa wenye nguvu uthibitisho wa walichokwisha kukiamini.

3.0 Lafudhi kama kinyago: tamthiliya za televisheni Kenya

Zanzibar ilikuwa na televisheni mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kwa hiyo, katika kipindi hicho chote, tamthiliya ya televisheni ya Kiswahili ilijengwa zaidi Nairobi, katika Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 ilikuja kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya. Vioja Mahakamani na Vitimbi ndivyo vipindi vilivyodumu kuliko vingine.

Mhusika mkuu wa Vitimbi, Mzee Ojwang', aliigizwa na Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015. Ojwang' ni Mjaluo, na Kiswahili chake kina athari za wazi za Kijaluo. Kwa kuwa lugha hiyo haina sauti /sh/, mahali pake hutokea /s/, na mtazamaji humtambua msemaji kabla hajaliona vazi lake. Lakini Wanjau mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Lafudhi ile haikuwa athari ya lugha mama yake; aliivaa kama mcheza ngoma avaavyo kinyago. Katika nchi ambayo kabila la mtu limekuwa suala la kura na la ajira, na nyakati nyingine la uhai na kifo, Mkikuyu aliyekuwa Mjaluo kipenzi cha taifa kila wiki ni jambo ambalo istilahi "bapa" haiwezi kulipima.

Ni kweli kwamba Ojwang' hakui. Akidanganywa leo, wiki ijayo atadanganyika tena, na mkewe Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, atamshinda tena kwa akili na kwa ulimi. Lakini muundo wa vipindi vinavyojitegemea unadai hivyo: kila kisa lazima kimrejeshe mhusika alipoanzia, ili aliyekosa kipindi kilichopita asipotee. Tausi ya miaka ya 1990, iliyokuwa tamthiliya ya mfululizo, ilifungua mlango mwingine. Siri iliweza kubebwa kutoka sehemu moja hadi nyingine, na mhusika akalazimika kuwa na kumbukumbu. Jambo la kutazama ni kwamba wahusika wake walisema Kiswahili kilicho karibu na sanifu. Waliongezewa kina na papo hapo wakapunguziwa lafudhi, kana kwamba mtu mwenye moyo hawezi kuwa na athari za lugha mama. Mgawanyo huo, wa lafudhi kwa kichekesho na sanifu kwa huzuni, bado haujaondoka katika skrini zetu.

4.0 Kaseti na sehemu ya pili: filamu za Bongo

Baada ya mwaka 1994, vikundi kama Kaole vililea kizazi cha waigizaji wa televisheni Dar es Salaam, na kutoka humo wengi wakaingia katika filamu za video. Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, huhesabiwa kuwa mwanzo wa wimbi hilo. Ndani ya miaka michache soko lilifurika.

Mbinu za kazi zilikuwa na athari za moja kwa moja katika uhusika. Mara nyingi hapakuwa na mswada kamili: mwongozaji alieleza onesho, waigizaji wakabuni maneno papo hapo. Faida yake ni mazungumzo yenye mwendo wa maisha halisi, ambayo mwanaisimu angeyatamani kwa data. Hasara yake ni kwamba maonesho hupigwa kwa kufuata mahali, si kwa kufuata kisa. Mwigizaji huweza kulia msiba asubuhi na jioni akaigiza mapenzi yaliyoutangulia, na bila mswada hana kinachomkumbusha mhusika wake amefika wapi. Ubunifu wa papo hapo huujenga wakati mmoja, lakini hauijengi njia.

Usambazaji nao ulichangia. Hadithi moja iligawanywa katika sehemu ya kwanza na ya pili, kila sehemu ikiuzwa peke yake. Ili sehemu ya pili inunuliwe, mhusika alizuiwa kujitambua katika ya kwanza, na muda ukajazwa kwa safari za magari, milango inayofunguliwa na salamu ndefu. Wahakiki waliviita vitendo hivi uzembe. Kwa hakika vilikuwa hesabu ya biashara.

Hata hivyo, mtazamaji wa filamu hizi alikuwa na namna yake ya kuona ukuaji. Alimfuata mwigizaji kutoka filamu hadi filamu. Steven Kanumba alikuwa mpenzi hapa, mume msaliti pale, baba kwingineko, na hadhira ilizisoma nafsi hizo zote kama maisha ya mtu mmoja. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, umati uliofurika Viwanja vya Leaders, Kinondoni, haukuwa ukimzika mtu wa filamu moja. Kama tunataka kupima uhusika wa filamu hizo kwa haki, kipimo chetu hakina budi kuvuka mpaka wa filamu moja.

5.0 Muhogo anarudi mjini

Mwaka 2012 kilitoka kisa ambacho mtu wa Vugiri angekitambua mara moja. Katika Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, kijana Mwas anaondoka kijijini kwenda Nairobi akitaka kuwa mwigizaji, na anaporwa mara tu anapofika. Katika filamu ya mafunzo, hapo ndipo funzo lingetamkwa. Hapa ndipo hadithi inapoanza. Uporaji unamfikisha rumande, rumande inamkutanisha na Oti, na Oti anamwingiza katika genge. Usiku Mwas ni mwizi, mchana ni mwigizaji wa jukwaani, na kila maisha yanayafundisha mengine.

Lugha ndiyo inayoihesabu safari hiyo. Kijijini kuna Kikikuyu na Kiswahili cha mgeni wa mji. Mtaani kuna Sheng, ambayo Mwas anaitafuta, anaikosea, kisha anaimiliki. Katika ukumbi wa maigizo kuna Kiingereza cha watu wenye nafasi. Hakuna msimulizi wa kutueleza kwamba amebadilika. Tunasikia. Ubadilishaji msimbo, ambao tumezoea kuuchambua kama tabia ya jamii, unafanya hapa kazi ambayo katika riwaya hufanywa na uzungumzaji nafsi.

Mwaka huohuo, Tanzania ilipata tamthiliya ya Siri ya Mtungi, iliyotokana na mradi wa mawasiliano ya afya. Lengo lake lilikuwa kufundisha, kama la Vugiri. Lakini mhusika wake mkuu, mpiga picha Cheche, hakuumbwa na uamuzi mmoja. Anampenda mkewe, anakosea, anajificha, na mtazamaji anaachwa aishi na kosa hilo kwa muda kabla ya kulihukumu. Kwa hiyo dhana kwamba nia ya kufundisha huua mhusika haina mashiko. Kinachomuua ni kumfundisha mtu huku ukidhani hawezi kufikiri.

6.0 Pale msimulizi anaponyamaza

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyopata Tanit ya Dhahabu huko Carthage mwaka 2022, ilitokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Katika riwaya, msimulizi hutupeleka ndani ya mawazo ya Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee na kukimbia. Filamu imeyaacha mengi ya maelezo hayo, na uzito umehamia katika uso, kivuli cha chumba, muziki na kimya. Wapo wasomaji wa riwaya watakaosema kwamba Yasmin wa skrini amepunguzwa. Rai yetu ni kwamba amehamishwa: alichokipoteza katika maelezo amekipata katika kutazamwa kwa muda mrefu, haki ambayo mjinga wa Vugiri hakupewa kamwe, ingawa picha zake zilikuwa za polepole.

7.0 Hitimisho

Historia hii inatutaka tubadili mpangilio wa maswali yetu. Kabla ya kuuliza kama mhusika ni bapa au duara, tuulize nani aliyegharimia filamu na alimdhania nini mtazamaji. Kama palikuwa na mswada. Kama hadithi iliuzwa kwa vipande. Na kama lugha ya mhusika mwishoni ni ileile ya mwanzo. Swali hili la mwisho ni letu hasa, sisi wa isimu na fasihi ya Kiswahili, kwani hatuna sababu ya kuwaachia wengine uchambuzi wa lafudhi, Sheng na vimya vya wahusika wanaosema lugha yetu.

Mwanafunzi niliyemtaja mwanzoni aliiandika upya tasnifu yake. Neno "bapa" bado limo, lakini sasa kila linapotokea linafuatwa na "kwa sababu". Nami nimeurekebisha mhadhara.