Shaaban Robert na Wasomaji Wake

Mzaliwa wa Vibambani, jirani na Tanga, mwaka 1909, aliyeitumikia serikali ya kikoloni kwa kazi ya ukarani, Shaaban Robert ndiye aliyetubunia Kusadikika, nchi iliyo angani, ambamo Karama, akishitakiwa na Waziri Majivuno kwa kueneza elimu ya sheria, ajitetea barazani kwa kuhadithia safari za wajumbe sita waliorejea na hidaya ya maarifa wakalipwa kifungo. Utetezi adhimu ulioje! Tangu kilipochapwa mwaka 1951, kitabu chenye hadithi hiyo, nacho kiitwacho Kusadikika, kimesomwa na vizazi vya wanafunzi, Tanzania na Kenya. Na hata leo raia aliyedhulumiwa, asiye mwanachuoni wala mtunzi, akiandika waraka wa malalamiko gazetini, aweza kuiita nchi yake Kusadikika bila ya kulazimika kufafanua.